Mbao za Katavi baada ya mninga: kasoro iko kwenye mti au kwenye maji?

Ulizia mbao za milango Mpanda mjini, utapewa ushauri wa kila namna. Seremala mmoja atakwambia usikubali chochote zaidi ya mninga. Mwingine atasema mninga wa kweli umeadimika, bora uchukue mkurungu, tena ni mzito na mwekundu zaidi. Mwuza mbao atakuonyesha rundo la "mchanganyiko" la bei nafuu, ambalo ndani yake mna mtundu, muyombo na miti mingine ya porini isiyotajwa kwa jina. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye atakushauri uachane na mbao kabisa, uweke alumini madirishani na chuma mlangoni. Kila mmoja ana sababu zake, na kila mmoja ana bidhaa yake ya kuuza.

Mkanganyiko huu unauma zaidi Katavi kwa sababu mkoa wenyewe umejaa msitu. Tangu ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, sehemu kubwa ya eneo lake imebaki chini ya miombo: Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye kilomita za mraba 4,471, misitu ya upande wa Mlele na Inyonga, na milima ya Ntakata inayoelekea Ziwa Tanganyika. Inakuwaje watu wanaoishi katikati ya miti wakose mbao za kuaminika?

Uchambuzi huu unapima hoja zinazoshindana na kufikia jibu moja: useremala wa Katavi ulijengwa juu ya mti mmoja unaovumilia haraka. Mti huo unapopungua, haraka ile ile inaziharibu mbao nyingine, na lawama inaangukia miti.

Mninga ulivyotuzoesha

Sifa inayomfanya seremala aupende mninga, hata kama hajawahi kuieleza kwa takwimu, ni utulivu wake. Mbao zote hupungua upana zinapokauka, lakini mninga hupungua kidogo mno. Ubao wenye upana wa milimita 200, uliopasuliwa mbichi na kukauka hadi unyevu wa asilimia 12, hupoteza milimita 3 hivi. Mbao nyingi ngumu za aina nyingine, kwa upana huo huo, hupoteza milimita 8 hadi 12. Katika kibao cha katikati ya mlango, milimita 3 hufichwa na mfereji wa fremu. Milimita 10 zinaacha ufa unaopitisha mwanga.

Ongeza hapo kwamba mninga ni mwepesi wa wastani, kilo 600 hivi kwa mita ya ujazo ukiwa mkavu. Unarandika bila kuchosha mkono, unashika gundi na skurubu, na unapokea vanishi vizuri. Kiini chake hustahimili mchwa na dumuzi. Vumbi lake, hata hivyo, huwasha njia ya hewa na kwa baadhi ya mafundi huleta pumu. Hilo halisemwi vya kutosha kwenye karakana ambazo kijana huranda kutwa nzima bila kuziba pua.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulielewa vibaya. Uimara dhidi ya wadudu ni wa kiini peke yake. Tabaka jeupe la nje, lile linalozunguka kiini, huliwa na dumuzi kama mti mwingine wowote. Mwenye kitanda anapoona unga mweupe chini ya ubavu wake husema ameuziwa mninga wa bandia, kumbe ni mninga halisi ambao fundi ameuacha na weupe wake ili kuokoa mbao. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina la mti, angalia rangi ya ubao hadi kwenye kingo.

Kwa nini umepungua

Sababu inayotajwa haraka ni wavunaji haramu, na ni kweli wapo. Lakini hata uvunaji halali unagongana na maumbile ya mti wenyewe. Mche wa mninga porini huchomoza wakati wa mvua, kisha sehemu ya juu hufa kiangazi, na hali hiyo hujirudia miaka mingi huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi. Mzizi ukishapata nguvu ndipo shina husimama na kuushinda moto. Kutoka hapo mti unahitaji takriban miaka 80 hadi 100 kufikia unene wa kupasuliwa mbao za maana. Kwenye vitalu ni mgumu kuutunza, ndiyo maana hatuoni mashamba ya mninga kama tunavyoona ya misonobari.

Utafiti wa Schwartz, Caro na Banda-Sakala, uliofanyika katika mkoa wa Rukwa wa wakati ule na kuchapishwa mwaka 2002, ulionya kwamba kasi ya kuvuna mninga ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa mti kujirudishia. Onyo hilo lina zaidi ya miaka 20. Tangu hapo mahitaji yamepanda tu. Mwaka 2016 nchi nzima ilikimbizana kutengeneza madawati. Barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Koga, pamoja na ile ya Sumbawanga, zimerahisisha safari ya lori, na reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi enzi za ukoloni, bado ipo. Ubao wa mninga wa Katavi unashindaniwa na mnunuzi wa Mwanza na wa Dar es Salaam, ambaye mfuko wake ni mzito kuliko wa mwalimu wa Nsimbo anayejenga vyumba vitatu.

Ndani ya mkoa wenyewe mti huu una wateja wengine. Mafundi wa mitumbwi wanautaka, na wafugaji nyuki huchonga mizinga ya magogo kutokana nao. Mashamba mapya ya mahindi na tumbaku hukata kila kilichosimama, na mara nyingi mninga mchanga huchomwa pamoja na vichaka kabla haujafika unene wa kumfaa mtu yeyote.

Warithi wa karibu: mkurungu na mkora

Hoja ya kwanza ya wanaotafuta mbadala ni kusogea kwa ndugu zake. Mkurungu ni wa jamii moja na mninga. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea, kwa kawaida ni mzito zaidi, na kitanda chake hudumu. Upande wa nguvu na sura, hoja hii ina uzito. Udhaifu wake ni kwamba inahamisha mzigo kutoka kwa mti mmoja unaokua polepole kwenda kwa mwingine. Tena mkurungu unashindaniwa na mnunuzi wa mbali. Wachina wanaopenda samani nyekundu waliusaka kwa nguvu katika muongo uliopita, hasa Zambia na kusini mwa Kongo, ambako unaitwa mukula. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliuingiza kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali maalumu. Mwaka 2022 miti yote ya Afrika ya jamii ya mninga, na ile ya jamii ya mkora, ikaingizwa pia.

Hapa uvumi umekuwa mwingi, kwa hiyo tuseme wazi. Orodha hiyo inahusu mbao zinazovuka mpaka wa nchi. Haimkatazi mtu wa Mpanda kununua kitanda cha mkurungu. Kinachombana mnunuzi wa ndani ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kanuni zake: mti uwe umevunwa kwa leseni, mbao ziwe zimegongwa nyundo na Wakala wa Huduma za Misitu, na ziwe na hati ya kusafirishia. Mbao zisizo na vitu hivyo ni za hatari hata zikiwa za mwarobaini.

Mkora ndio ule ule unaoitwa mkongo kusini na mbambakofi pwani, ambako milango ya kuchonga imetengenezwa kwa mti huu kwa karne nyingi. Hutulia vizuri, huvumilia mvua na mchwa, na kwa fremu ya nje au daraja la mbao sijui mti wa miombo unaoushinda. Gharama yake ni uzito na ugumu. Mlango wa mbao tupu wa mita 2 kwa sentimita 80, wenye unene wa sentimita 4, ukiwa wa mninga hufika kilo 38 hivi. Wa mkora hupita kilo 50, kwa hiyo bawaba mbili za kawaida hazitoshi. Nyuzi zake zilizopishana hutafuna makali ya randa, na kwenye vitundu vyake huwa na unga wa njano unaoweza kutia doa kitambaa chenye maji. Fundi asiye na mashine atakulipisha jasho lake, na ana haki.

Mtundu na muyombo: miti inayodharauliwa

Hoja ya pili ndiyo yenye upinzani mkubwa zaidi mitaani. Inasema tuache kuufuata mninga na tutumie miti iliyo mingi, hasa mtundu na muyombo, ambayo ndiyo hasa inayoujaza msitu wa miombo. Leo miti hiyo huishia kwenye tanuri la mkaa na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Ukiangalia hesabu ya mkaa, inasikitisha: tanuri la asili la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Shina ambalo lingetoa viti na meza za miaka 30 linaisha kwa wiki chache za kupikia.

Wapinzani wana hoja zao na hawazitoi hewani. Mtundu una tabaka pana jeupe ambalo dumuzi hulipenda. Nyuzi zake hupishana, kwa hiyo randa huzing'oa badala ya kuzikata. Ukikauka hupinda na kupasuka ncha. Ukisimamishwa ardhini, mchwa hawauachi. Fundi aliyewahi kurudishiwa meza ya mtundu iliyojikunja hataki kusikia jina lake tena.

Lakini tukitenganisha makosa hayo, tunaona hayana chanzo kimoja. Kuliwa na mchwa ukiwa ardhini ni udhaifu wa mti wenyewe, na hakuna ufundi wa karakana utakaouondoa. Dumuzi kwenye weupe hudhibitiwa kwa kuutupa weupe au kuupaka dawa mapema. Kupinda na kupasuka, ambako ndiko kunakolalamikiwa zaidi, kunategemea sana namna ubao ulivyopasuliwa na ulivyokaushwa. Ubao uliopasuliwa kwa msumeno ukielekea kiini cha gogo hupinda kidogo kuliko ule uliokatwa kuambaa na ganda. Vipande vyembamba vya sentimita 7 vilivyounganishwa kwa gundi hutulia kuliko ubao mmoja wa sentimita 20. Msumeno wa mnyororo, ambao kila pasuo lake hula karibu sentimita 1 ya mti, huacha unene usio sawa, na ubao wenye unene usio sawa haukauki sawa.

Kuna pingamizi moja dhidi ya hoja hii ambalo halisikiki karakana na linastahili kusikilizwa. Maua ya mtundu na muyombo ndiyo yanayolisha nyuki wa Inyonga na Mlele, na magome yake ndiyo mizinga ya asili ya huko. Vilevile vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinavyozunguka msitu wa Ntakata vinapata fedha za hewa ukaa kwa kuiacha miti isimame, kupitia mradi wa Carbon Tanzania. Ukiuongezea mtundu thamani ya mbao, unamvutia pia mtu mwenye msumeno. Kwa hiyo hoja ya kutumia miti inayodharauliwa inafaa pale ambapo mti unakatwa hata hivyo, yaani kwenye mashamba yanayofunguliwa kihalali na kwenye uvunaji wa kuni za tumbaku. Kuingia nayo kwenye misitu ya nyuki na ya hewa ukaa kungekuwa kuchoma ghala ili kupata majivu.

Mbao za kuletwa, na chuma

Hoja ya tatu inasema tuagize. Misonobari ya Sao Hill, Mufindi, inafika Mpanda kwa lori kupitia Mbeya na Sumbawanga, na kwa kenchi za paa imeshashinda vita. Ni nyepesi, imenyooka, inapigika misumari bila kupasuka, na inatoka kwenye shamba linalopandwa upya. Udhaifu wake unajulikana: bila dawa, mchwa huila upesi. Mnunuzi ajue pia tofauti kati ya mbao iliyoingizwa dawa kwa mgandamizo ndani ya tangi na ile iliyochovywa tu ikapata rangi ya kijani. Katiza kipande kidogo ukiangalie ndani. Rangi ikiwa imeishia juu juu, umelipia rangi. Misaji ya mashamba ya Longuza, Mtibwa na Kilombero ni mbao nzuri sana na imetulia, ila bei yake pamoja na usafiri inaiweka mbali na nyumba za kawaida za Katavi.

Alumini na chuma haviliwi na mchwa, na kwa madirisha ya mjini ni uamuzi unaoeleweka. Lakini fedha yake karibu yote inaondoka mkoani. Kitanda cha chuma bado kinahitaji chaga, na dawati la chuma bado linahitaji ubao wa kukalia. Sioni nafasi ya chuma kuumaliza useremala, wala sioni faida ya kuuacha ufe.

Maji ndani ya ubao

Sasa tufike kwenye kiini cha tatizo. Gogo bichi linaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wa mti mkavu au zaidi. Maji ya kwanza yanapotoka, ubao haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ndipo kupungua, kujikunja na kupasuka kunapoanza. Yote hayo yakitokea rundoni, fundi huranda ubao uliokwisha kutulia. Yakitokea sebuleni kwa mteja, mlango hukwama au hufunguka ufa.

Mninga ulisamehe kosa hili kwa sababu hauna pa kupungua sana. Fundi aliununua mbichi, akauranda wiki hiyo hiyo, akakabidhi kazi, na mambo yakawa sawa kiasi cha kuridhisha. Mazoea hayo hayo yakihamishiwa kwenye mtundu yanaleta balaa, na mti unapewa jina baya.

Majira ya Katavi yanazidisha ugumu. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na malori huingia porini njia zikikauka. Hivyo mbao mbichi hufika mjini katikati ya kiangazi, hewa ikiwa kavu kuliko wakati wowote. Ubao mbichi ukiachwa juani Agosti, uso wake hukauka kabla ya ndani na kupasuka. Ule uliotengenezwa mlango wakati huo huvimba Desemba. Tena mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, na mkandarasi wa darasa au zahanati anasukumwa amalize kabla ya tarehe hiyo, wakati mbao za msimu ndiyo kwanza zinaanza kutoka msituni. Ratiba yenyewe inamlazimisha fundi kutumia mbao mbichi.

Na fundi hana mtaji. Ananunua mbao kwa malipo ya awali ya mteja, na mteja anataka kitanda baada ya siku 10. Ubao wa inchi 1 unahitaji miezi mitatu hadi sita kukauka vizuri kwa hewa, ukiwa umepangwa chini ya paa, umeinuliwa kutoka ardhini, umetenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja, na ncha zake zimepakwa rangi ya mafuta au nta zisipasuke. Hakuna teknolojia ngumu hapo. Kinachokosekana ni mtu wa kushikilia fedha iliyolala kwenye rundo kwa miezi hiyo.

Kupima nako hakuhitaji kifaa cha gharama. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwa moto wa polepole bila kukiunguza hadi uzito usishuke tena, kisha kipime upya. Kikiwa kimetoka gramu 130 hadi 100, ubao ulikuwa na unyevu wa asilimia 30, bado ni mbichi. Kikitoka 113 hadi 100, uko kwenye asilimia 13 na unarandika.

Uzito wa hoja

Wanaoshikilia mninga wako sahihi kuhusu ubora wake na wamekosea kudhani utaendelea kuwapo kwa kasi hii. Mti unaohitaji karibu karne moja usitumike kwa kazi ambazo mti mwingine ungezifanya. Ubaki kwa milango ya mbele, samani za kurithisha na mitumbwi, na mkurungu upewe heshima hiyo hiyo. Mkora uende nje, kwenye fremu zinazopigwa mvua. Paa liachiwe msonobari uliotiwa dawa kwelikweli. Viti, meza, madawati, rafu na vitanda vya ndani, ambavyo ndivyo kazi nyingi za kila siku, vinaweza kubebwa na mtundu na wenzake wa mashamba yanayofunguliwa, kwa sharti la kukaushwa. Bila sharti hilo, wapinzani wa mtundu wataendelea kuwa sahihi.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa hauko mikononi mwa seremala peke yake. Halmashauri za Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika ndizo zinazonunua milango na madawati kwa wingi, na ndizo zinazotoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja cha vijana chenye banda la kukaushia, kikinunua mbao Julai na kuziuza Desemba zikiwa zimepimwa, kingeondoa mzigo ambao fundi mmoja mmoja hawezi kuubeba. SIDO na VETA zingeweza kukifundisha. Na mikataba ya majengo ya umma, ambayo mara nyingi huishia kutaka "mbao ngumu", iandike pia unyevu usiozidi asilimia 14 na kiini kitupu bila weupe, kisha mkaguzi aje na mizani kabla mlango haujafungwa bawaba.